Mapango ya Mulu yalikuwa na wenyewe kabla ya kupimwa

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno kuhusu makala ndefu iliyochapishwa na gazeti lako wiki mbili zilizopita juu ya mapango makubwa ya Hifadhi ya Taifa ya Gunung Mulu, iliyoko katika jimbo la Sarawak, Malaysia, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Borneo. Makala hiyo niliisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi. Nashukuru kwamba mwandishi alilipa somo hili kurasa mbili nzima, kwa sababu ni nadra magazeti yetu kuandika habari za chini ya ardhi isipokuwa mgodi umeporomoka. Hata hivyo, kuna dai moja ambalo limerudiwa mara nne kwa maneno tofauti, nalo ni kwamba mapango hayo hayakujulikana na mtu yeyote mpaka wataalamu kutoka Uingereza walipoyagundua mwaka 1977. Dai hilo si la kweli, na kwa kuwa makala nzima imesimama juu yake, naona ni haki lisahihishwe katika gazeti lile lile lililolichapisha.

Nimefanya kazi ya upimaji wa ardhi kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na katika kazi hiyo hatulitumii ovyo neno kugundua. Mpimaji anapofika shambani, akaweka vigingi, akasoma pembe na kuchora ramani, hawezi kudai kwamba ameligundua shamba. Mwenye shamba yupo pale akimwonyesha mpaka ulipopita, na jirani yupo pale pia, akibishana. Alichokifanya mpimaji ni kuyatoa maarifa yaliyokuwa vichwani mwa watu wale na kuyaweka kwenye karatasi kwa namna ambayo mtu mwingine, aliye mbali, anaweza kuyasoma na kuyategemea. Hiyo ni kazi kubwa inayotosha kuheshimiwa kwa jina lake yenyewe.

Tuanze na pango ambalo makala ililipa nafasi kubwa kuliko yote, lile linalojulikana kwa wageni kama Deer Cave. Waberawan, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa eneo hilo, waliliita Gua Payau, payau likiwa jina la kulungu mkubwa wa misitu ya huko, kwa sababu wanyama hao walikuwa wakijisitiri humo na kulamba mawe yenye chumvi. Jina la Kiingereza ni tafsiri tu ya jina la Kiberawan. Watu hao hao walilitumia pango hilo kuzikia wafu wao, na jamii haiwezi kuzika wafu wake mahali isipopajua. Hata upimaji wake haukuanza mwaka 1977: mwanajiolojia G. E. Wilford alikwisha kulipima mwaka 1961, miaka 16 kabla ya msafara ambao makala inasema ndio uliolifikia kwanza.

Mlima wenyewe una historia ya namna hiyo hiyo. Gunung Mulu una kimo cha takriban mita 2,376, na wageni kadhaa walijaribu kuupanda tangu karne ya 19 wakashindwa. Aliyepata njia ya kufika kileleni, kwa kufuata mgongo wa mlima ulio upande wa kusini-magharibi, alikuwa Tama Nilong, Mberawan aliyekuwa mwindaji wa vifaru, katika miaka ya 1920. Mwaka 1932 alikiongoza kikundi cha Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Edward Shackleton, mpaka juu. Makala iliitaja safari hiyo ya Oxford, lakini mtu aliyetangulia mbele yao akifyeka njia hakutajwa hata kwa neno moja. Nilisikitika sana nilipofika hapo, kwa sababu jina lake limo katika historia ya mlima huo, na halikuhitaji zaidi ya nusu mstari.

Na tukitoka Mulu kidogo, tukabaki Sarawak, tutayakuta mapango ya Niah, ambayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Humo ndimo Tom na Barbara Harrisson walipofukua fuvu la binadamu mwaka 1958, fuvu ambalo umri wake unakadiriwa kufikia miaka 40,000 hivi. Watu wamekuwa wakiingia, wakipika, wakizika na kuchora katika mapango ya nchi hiyo tangu zama hizo. Mpaka leo wako wakusanyaji wa viota vya ndege wadogo wa jamii ya teleka, ambao hupanda kwa kamba na nguzo za mti mgumu uitwao belian mpaka kwenye dari iliyo makumi ya mita juu ya sakafu, gizani, huku taa ndogo ikiwa ndiyo mwanga wao pekee. Nitalirudia jambo hili la dari, kwa sababu wapimaji wa mapango waliihangaikia dari kwa muda mrefu.

Sitaki nieleweke kwamba naudharau msafara wa mwaka 1977. Huo ulikuwa msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza, ulioongozwa na Robin Hanbury-Tenison, ukakaa msituni kwa miezi 15 na kuwahusisha wanasayansi zaidi ya 100 wa fani mbalimbali, kuanzia mimea na wadudu hadi udongo na miamba. Ndani yake kilikuwamo kikundi kidogo cha wachunguzi wa mapango, akiwemo Andy Eavis, ambacho kilipima takriban kilomita 50 za njia za chini ya ardhi. Hanbury-Tenison mwenyewe hakuficha jinsi alivyowategemea wenyeji, hasa Mpenan aitwaye Nyapun, ambaye alikuwa rafiki na kiongozi wake msituni. Kwa hiyo wasafiri wenyewe walitoa shukrani walikopaswa kuzitoa, na ni waandishi waliokuja baadaye ndio waliozifuta.

Ningependa wasomaji waelewe kazi ya kikundi kile ilivyokuwa, kwa kuwa makala iliieleza kama matembezi ya kishujaa yenye taa na kamba. Kupima pango ni kazi ya taratibu. Watu watatu au wanne huingia pamoja: mmoja hushika ncha ya futikamba na kutangulia, wa pili husoma dira na kipimo cha mwinamo, na wa tatu huandika tarakimu na kuchora kwa mkono umbo la kuta, miamba na maji katika daftari ambalo karatasi zake hazilowi. Kutoka kituo kimoja hadi kingine huandikwa umbali, uelekeo na mwinamo, halafu umbali wa kufikia ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, dari na sakafu. Kisha hatua ile ile hurudiwa siku baada ya siku, katika tope na katika maji ya kifuani, mpaka vituo vifike mamia na maelfu. Njia inapozunguka na kurudi ilikoanzia, wapimaji hupata nafasi ya kujikagua, kwa maana kituo cha mwisho kinapaswa kuangukia juu ya kile cha kwanza, na kisipoangukia, kuna kosa mahali fulani katikati ambalo lazima litafutwe. Sisi wa juu ya ardhi tunajua uchungu wa kutafuta kosa kama hilo mchana kweupe. Kulitafuta ndani ya giza, kilomita kadhaa kutoka mlangoni, ni uvumilivu wa daraja nyingine.

Katika mapango makubwa kama ya Mulu kuna tatizo jingine ambalo mpimaji wa shamba hakutani nalo, nalo ni kwamba ukuta wa pili na dari havionekani. Taa za miaka ya 1970 hazikuweza kufika. Ili kupata kimo cha dari, wachunguzi wa mapango walikuwa na njia ya kurusha puto lililojazwa gesi ya heliamu, likiwa limefungwa uzi, na kusubiri liguse mwamba juu. Kisha walipima urefu wa uzi. Njia hiyo ilifanya kazi pale tu ambapo hewa ya pango ilikuwa imetulia. Leo kipo kifaa cha leza kinachoenea kiganjani, ambacho husoma umbali, uelekeo na mwinamo kwa pigo moja, na viko vifaa vingine vinavyopiga mamilioni ya nukta na kuunda umbo zima la pango kwenye kompyuta. Ukiona vyaelea, vimeundwa: kila tarakimu tunayoisoma leo kuhusu ukubwa wa mapango hayo ilianza na mtu aliyesimama gizani akiushika uzi.

Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa Januari 1981, na hapa nitakiri kwamba neno kugundua lina haki yake. Watu watatu, Andy Eavis, Dave Checkley na Tony White, waliufuata mto unaotoka katika Gua Nasib Bagus, yaani Pango la Bahati Njema, wakapanda nao kwenda ndani mpaka walipofika mahali palipopanuka. Wakidhani wako katika njia ya kawaida, waliufuata ukuta mmoja huku wakipima, na ukuta ukaendelea, na ukaendelea, bila upande wa pili kuonekana. Mwishowe waliamua kuuacha ukuta, wakashika uelekeo mmoja wa dira na kukata gizani katikati ya majabali ili waufikie upande wa pili. Waliporudi kambini na kuziweka tarakimu kwenye karatasi, umbo lililojichora lilikuwa la ukumbi wenye urefu wa takriban mita 700 na upana wa mita 400. Wao waliokuwa ndani hawakuuona ukumbi. Waliouona ni penseli na karatasi. Huo ndio Ukumbi wa Sarawak, na kwa kuwa undani wake hauwezi kujulikana na mtu mwenye mwenge bali na mtu mwenye futikamba na dira, watatu hao wanastahili sifa ya ugunduzi kwa ukamilifu wake.

Makala yako ilizitumia tarakimu hizo za mwaka 1981 kama kwamba ni za jana, na hapo pia naomba sahihisho. Vipimo vya leza vya karne hii vimeuweka ukumbi huo karibu na mita 600 kwa 435, kimo chake cha juu kikiwa mita 115 hivi. Kwa eneo la sakafu, bado ndio mkubwa kuliko kumbi zote za mapango zinazojulikana duniani. Kwa ujazo umepitwa na Ukumbi wa Miao ulioko Guizhou, China, ambao vipimo vya leza vya mwaka 2013 viliupa zaidi ya mita za ujazo milioni 10. Mtu anayesema tu kwamba ukumbi fulani ni mkubwa kuliko yote bila kutaja kipimo alichotumia hajasema kitu kamili.

Vivyo hivyo kuhusu Gua Payau. Ni kweli kwamba kwa miongo mingi njia yake kuu, ambayo kwa sehemu kubwa upana na kimo chake havipungui mita 90, ilihesabiwa kuwa kubwa kuliko njia zote za mapango duniani. Lakini hesabu hiyo ilibadilika mwaka 2009, baada ya kupimwa kwa Hang Son Doong katika Hifadhi ya Taifa ya Phong Nha-Ke Bang, Vietnam. Pango hilo lina ujazo wa takriban mita za ujazo milioni 38.5, na mahali pengine dari yake iko mita 200 juu ya sakafu. Mwandishi wa makala angefanya vyema kulitaja, tena si kwa sababu ya ukubwa wake tu.

Aliyeupata mlango wa Son Doong ni Ho Khanh, mkazi wa vijiji vya hapo aliyekuwa akitafuta riziki msituni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa anajikinga na mvua, alikuta uwazi katika mwamba ambao ulitoa upepo mkali na ngurumo ya mto kutoka chini. Hakuingia. Alipotaka kurudi baadaye hakuweza kuipata njia, maana msitu ule hufunga nyuma ya mtu apitapo, na ilimchukua mpaka mwaka 2008 kuupata mlango ule tena. Mwaka uliofuata aliwaongoza wachunguzi wa Kiingereza wakiongozwa na Howard Limbert, nao wakapima mpaka walipozuiwa na ukuta mkubwa wa kalsiti ambao walifanikiwa kuupanda mwaka 2010. Katika habari hii kila mtu ana sehemu yake na kila sehemu imetajwa. Ho Khanh aliupata mlango, wageni wakalipima pango, na leo majina yote mawili yanaandikwa pamoja bila mtu kupungukiwa na chochote. Ndivyo ninavyotamani Mulu iandikwe.

Nami nilipata bahati ya kufika Mulu mara moja, baada ya kustaafu. Hakuna barabara inayofika hifadhini. Tulipanda ndege ndogo kutoka Miri, na kutoka dirishani tuliona msitu usiokatika, kisha miamba mirefu iliyochongoka ya Gunung Api ikitokeza juu ya miti. Kutoka ofisi za hifadhi mpaka Gua Payau kuna njia ya mbao ya kilomita tatu hivi, iliyoinuliwa juu ya ardhi yenye majimaji. Nilipoingia mlangoni mwa pango nilifanya kile ambacho kila mpimaji hukifanya bila kufikiri: nilikadiria upana kwa jicho. Nilikadiria mita 60. Kiongozi wetu, kijana wa Kiberawan, alinitaka nitazame vizuri watu waliokuwa wakitembea upande wa pili, ambao mimi nilikuwa nimewadhania mawe, na nikaelewa kwamba jicho langu la miaka thelathini halikuwa na kazi humo. Ndani ya pango hakuna mti, nyumba wala mlingoti wa kulinganisha nao, na mwanga unafifia kabla haujafika. Ndiyo maana nasisitiza juu ya kupima.

Siku ya pili ilinifunza jambo ambalo makala yako haikuligusa kabisa. Tulikuwa twende pango la Clearwater, ambalo mfumo wake wa njia zilizopimwa umezidi kilomita 200, na anga ilikuwa safi tangu asubuhi. Kiongozi yule alishuka mtoni, akayatazama maji kwa muda, akarudi na kusema kwamba sehemu ya mto wa chini ya ardhi hatutaiingia siku hiyo. Maji yalikuwa yamebadilika rangi kidogo, na yeye alijua kutokana na rangi hiyo kwamba mvua ilikuwa imenyesha kwenye mlima, mbali na macho yetu. Saa tatu baadaye mto ulikuwa umepanda kiasi cha kuzifunika ngazi za chini. Ofisini mwao niliiona ramani ya pango imebandikwa ukutani, ramani nzuri iliyochorwa kwa jasho la watu wengi, na kijana yule aliisoma vizuri kuliko mimi. Lakini ramani haikumwambia habari ya rangi ya maji. Hiyo aliipata kwa watu wake.

Maji ndiyo yaliyoyatengeneza mapango yale, na kwa hiyo ndiyo yenye amri. Mulu hupata mvua ya zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Mlima Mulu wenyewe ni wa mawe ya mchanga, lakini kando yake umepita ukanda mnene wa mawe ya chokaa, na mito inayoteremka kutoka mlimani huja imebeba mchanga na kokoto, ikakutana na chokaa hilo na kulisaga. Mvua inayopita katika udongo wa msitu hunyonya hewa ya kaboni dioksidi itokayo kwenye mizizi na majani yanayooza, ikawa na uchachu kidogo, na uchachu huo huyeyusha chokaa tone kwa tone. Wakati huo huo nchi imekuwa ikiinuka. Wanasayansi waliopima umri wa mashapo na mawe ya matone katika njia za Clearwater, zile za juu na zile za chini, walikadiria kwamba ardhi hiyo huinuka takriban sentimita 19 katika kila miaka 1,000, na kwamba imefanya hivyo kwa muda wa karibu miaka milioni mbili. Kila mto ulipozama chini zaidi uliacha njia yake ya zamani ikining'inia juu, kavu na tupu, na hizo ndizo njia pana ambazo wageni hutembea leo. Hesabu hiyo ya sentimita 19 isingepatikana bila ramani yenye vimo sahihi, na ni moja ya sababu zinazonifanya niamini kwamba thamani ya upimaji inapita mbali zaidi ya ushindani wa nani ana pango kubwa.

Thamani nyingine tuliiona wazi mwaka 2018 nchini Thailand. Tarehe 23 Juni watoto 12 wa timu ya mpira pamoja na kocha wao waliingia katika pango la Tham Luang, ambalo nalo liko ndani ya hifadhi ya msitu, mvua ikanyesha na maji yakawafungia njia nyuma yao. Walipatikana wakiwa hai tarehe 2 Julai, na wa mwisho alitolewa tarehe 10, baada ya mzamiaji mmoja, Saman Kunan, kupoteza maisha akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Waokoaji hawakupapasa tu gizani. Ilikuwapo ramani iliyokwisha kuchorwa na wachunguzi wa mapango miaka ya nyuma, na alikuwapo Vern Unsworth, mchunguzi aliyeishi karibu na hapo na kulizoea pango hilo, ambaye aliweza kusema ni upande gani watoto wangekuwa wamekimbilia. Wakulima wa jirani nao waliridhia mashamba yao yafurikwe na maji yaliyokuwa yakivutwa kutoka pangoni.

Basi, Mheshimiwa Mhariri, ombi langu ni kwamba gazeti lako lichapishe sahihisho lenye mambo matatu. Kwanza, kwamba Gua Payau ilijulikana na Waberawan na kutumiwa nao tangu kale, na ilipimwa na Wilford mwaka 1961. Pili, kwamba njia ya kupanda Gunung Mulu ilipatikana na Tama Nilong. Tatu, kwamba tangu mwaka 2009 njia kubwa zaidi ya pango inayojulikana ni ile ya Son Doong, na kwamba Ukumbi wa Sarawak unaongoza kwa eneo la sakafu, si kwa ujazo. Nadhani mistari kumi inatosha.

Ombi langu la pili linahusu lugha, na nalielekeza kwa wahariri wote wa Kiswahili wanaotafsiri habari za aina hii kutoka mashirika ya nje. Tunayo maneno mengi mazuri na kila moja lina kazi yake. Aliyeingia kutazama amezuru. Aliyeingia kutafuta kilichomo amechunguza. Aliyepita na futikamba amepima, na aliyeziunganisha tarakimu amechora ramani. Aliyekiona kitu ambacho hakuna aliyekiona kabla yake amegundua, na watu wa aina hiyo ni wachache kuliko magazeti yanavyotuaminisha. Neno moja linapobebeshwa kazi za maneno matano, wenyeji hupotea katika sentensi, na mara nyingi wachunguzi wenyewe nao hupotea, maana jasho lao la miezi na miaka hufupishwa likawa tukio la siku moja.

Makala ilihitimishwa kwa ahadi kwamba sehemu ya pili itakuja, nayo itahusu popo wa Gua Payau. Naisubiri kwa hamu. Popo hao ni mamilioni, na nimewaona kwa macho yangu wakitoka jioni kama utepe mweusi unaojikunja hewani, huku mwewe wakiwanyemelea pembeni, na nikaambiwa kwamba mvua ikinyesha wakati huo huenda wasitoke kabisa. Namwomba mwandishi, atakapokuwa akiwaeleza, azungumze na wale wanaowatazama kila jioni ya mwaka na si na mtaalamu mgeni peke yake. Na iwapo gazeti litachapisha ramani ya pango pamoja na sehemu hiyo, naomba ichapishwe na mizani yake na mshale wa kaskazini, kwa sababu ile iliyoambatana na sehemu ya kwanza ilikatwa vyote viwili ili picha ienee ukurasani, na msomaji hakuweza kujua kama anatazama chumba cha mita 20 au cha mita 200.

Wako mtiifu,
Mpima ardhi mstaafu